Dirisha Lisilo na Kishikio



Tunaomba radhi mapema, kwa maana leo tunataka kuzungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo mno: madirisha ya kompyuta, na taabu inayowapata watu wanapojaribu kuyapunguza au kuyapanua. Yamkini baadhi yenu mtauliza kama hatuna mambo mazito zaidi ya kuandika. Tunayo. Lakini jambo dogo likimfanya mtu mzima ajione hana akili mbele ya wenzake, limekwisha kuacha kuwa dogo, na yafaa litazamwe kwa utulivu.

Tuanze na neno lenyewe. Dirisha ni neno lililotujia zamani kutoka Kiajemi, nasi tumelizoea hata tumesahau kwamba lilikuwa geni. Dirisha la nyumba lina bawaba, lina komeo, lina kishikio. Mgeni akilala katika chumba asichowahi kukiona, joto likamzidi usiku, hamwamshi mwenyeji ili amwulize namna ya kulifungua. Hulitazama, huona komeo, hulivuta, na upepo huingia. Komeo limemweleza kazi yake bila kutamka neno.

Dirisha la kompyuta ni fremu juu ya kioo, na ndani yake programu huonyesha kazi yake: barua katika dirisha moja, hesabu katika jingine, picha katika la tatu. Faida yake ni kwamba mtu aweza kulisogeza, kulipanua, au kulipunguza ili apate kuona mawili kwa wakati mmoja. Fundi wa madirisha hayo ni mfumo endeshi, yaani programu ile kuu inayoiongoza kompyuta tangu inapowashwa hadi inapozimwa. Hoja yetu leo ni kwamba mafundi hao, kwa miaka kadhaa sasa, wamekuwa waking'oa vishikio vya madirisha ili yapendeze, na gharama ya urembo huo wanailipa watu ambao hawakuuomba.

Tuwaeleze jinsi tulivyolitambua jambo hili, maana hatukulitambua kwa hekima yetu.

Katika parokia yetu yuko mwalimu mmoja mstaafu, mama aliyekwisha kuvuka miaka 70, anayetunza hesabu za kikundi cha akiba na mikopo. Kwa miaka mingi aliifanya kazi hiyo kwa kompyuta ya ofisi, naye aliijua kompyuta ile kama mkulima anavyolijua jembe lake. Kila mwisho wa mwezi aliweka madirisha mawili ubavu kwa ubavu: kushoto orodha ya michango, kulia daftari la hesabu. Jicho lilisoma huku, mkono ukaandika kule. Hatukuwahi kusikia shilingi iliyopotea.

Kompyuta ile ilipokufa, ilinunuliwa nyingine, mpya, ya kung'aa, yenye mfumo endeshi wa siku hizi. Mwisho wa mwezi ulipofika, Mwalimu aliketi mbele yake na kuupeleka mshale wa kipanya kwenye ukingo wa dirisha ili alipunguze. Ukingo ulikuwa mwembamba kama unywele. Alibofya, kumbe amepita nje ya ukingo kwa kiasi cha ncha ya sindano, na dirisha lililokuwa nyuma likaruka mbele. Alilirudisha, akajaribu tena, yakawa yale yale. Hatimaye, bila kutambua, alikuwa akiandika tarakimu katika dirisha ambalo silo. Mchango wa mwanachama mmoja ukaingia katika jina la mwingine. Kosa liligunduliwa mkutanoni, mbele ya watu wote. Mwenye fedha alilalamika, na ilikuwa haki yake.

Jioni ile Mwalimu alikuja ofisini, akaweka funguo za kabati juu ya meza. "Baba Paroko," alisema, "naona akili yangu imechoka. Mtafuteni kijana." Nasi, tuseme ukweli, tulimwitikia. Tulimshukuru kwa utumishi wake wa miaka mingi, tukasema kwamba uzee hauna dawa. Tulidhani tunamfariji.

Siku iliyofuata alikuja kijana mmoja wa chuo kupokea kazi. Tulisimama nyuma ya kiti chake tukitazama. Naye aliupeleka mshale ukingoni, akakosa. Akarudia, akakosa. Mara ya nne alipata, akacheka. "Padre, hapa hata mimi nabahatisha," alisema. "Hii kompyuta imetengenezwa vibaya."

Maneno yale yalituchoma. Watu wawili, chumba kimoja, kompyuta moja, kosa lile lile. Kijana alikosa, akailaumu mashine. Mama wa miaka 70 alikosa, akajilaumu mwenyewe, nasi tuliokuwa karibu naye tukamuunga mkono katika kujilaumu. Tangu siku hiyo tulianza kuuliza na kusoma: je, madirisha haya yamekuwa hivi siku zote?

La hasha. Madirisha yanayopishana juu ya kioo yalianza kuonekana katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, katika miaka ya 1970. Januari 1984 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta yake ya Macintosh. Kioo chake kilikuwa kidogo sana, chenye pikseli 512 kwa 342, yaani vinukta 512 kwa upana na 342 kwa kimo. Pamoja na ufinyu huo, waliotengeneza waliweka katika kona ya chini, upande wa kulia wa dirisha, kisanduku kilichochorwa waziwazi kwa ajili ya kushikia. Juu ya kioo kile kisanduku hicho kilikuwa na upana wa karibu milimita 5. Mtu alikiona, akakishika, akakivuta, dirisha likakua.

Wale waliotangulia kutengeneza mashine hizo walikuwa na desturi moja nzuri. Katika kuandaa kompyuta iliyoitangulia Macintosh, yaani Lisa ya mwaka 1983, Larry Tesler na wenzake waliwaketisha mbele ya mashine watu wasio mafundi, wakawatazama wakijaribu kufanya kazi. Palipomkwaza mtu, walihesabu kwamba kosa liko katika mashine, wakarekebisha. Tunaomba msomaji aikumbuke desturi hiyo, kwa maana tutairudia.

Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa Windows yake ya kwanza Novemba 1985. Madirisha ya programu katika toleo lile yalipangwa bila kupishana, kama vigae vya sakafu. Ni toleo la pili, la Desemba 1987, lililoyaruhusu kupandana. Ilipofika Agosti 1995, Windows 95 iliyafanya madirisha yaonekane kama vitu vyenye unene: ukingo wa kijivu wenye upande wa mwanga na upande wa kivuli, na katika kona ya chini ya madirisha mengi mistari michache ya mshazari, kama mikwaruzo inayowekwa kwenye mpini ili mkono usiteleze. Aidha, kwa miaka mingi mipangilio ya Windows ilimruhusu mtumiaji kuongeza unene wa ukingo apendavyo. Mwenye mkono unaotetemeka au macho mazito aliweza kujitengenezea ukingo mnene kama kamba, na hakuna aliyemcheka.

Kisha yakaanza mabadiliko, moja baada ya jingine. Julai 2011 toleo la Mac liitwalo Lion lilikiondoa kile kisanduku cha kona. Tuwe wakweli: toleo hilo hilo ndilo lililowawezesha watumiaji wa Mac kuvuta dirisha kutoka ukingo wowote, jambo ambalo lilikuwa jema. Lakini alama ya kumwonyesha mtu pa kushika ikatoweka, na mistari ya pembeni ya kusogezea ukurasa nayo ikaanza kujificha mpaka mtu aanze kusogeza. Oktoba 2012 Windows 8 iliondoa mipangilio iliyomruhusu mtu kuongeza unene wa ukingo, na pamoja nayo ikakiondoa kitufe cha Start katika kona kilipokuwa kimekaa tangu mwaka 1995. Julai 2015 Windows 10 iliupunguza ukingo unaoonekana hadi upana wa pikseli 1, huku sehemu halisi ya kushikia ikiwekwa nje ya mstari huo, mahali pasipoonekana. Oktoba 2021 Windows 11 iliviringisha kona za madirisha. Septemba 2025 toleo la Mac liitwalo Tahoe lilizidisha uviringo huo, likaongeza na mapambo yanayofanana na kioo kinachopenyesha nuru. Na haukupita muda mrefu kabla watumiaji wengi hawajalalamika kwamba kona za madirisha zimekuwa ngumu kukamatwa.

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Hakuna siku ambayo mtu angeweza kusema, leo wameng'oa kishikio. Waling'oa kipande kimoja hapa, kingine pale, na kila mara tulizoea.

Ajabu ni kwamba upungufu huu haukuletwa na uhaba wa nafasi. Kioo cha Macintosh ya mwaka 1984 kilikuwa na vinukta 175,104 kwa jumla. Kioo cha kawaida cha siku hizi chenye pikseli 1920 kwa 1080 kina vinukta zaidi ya milioni 2, karibu mara 12. Wakati wa ufinyu, mwenye nyumba alimtengea mgeni kiti. Wakati wa wingi, amemwondolea hata kigoda.

Labda mtu atasema kwamba tunalalamika kwa mazoea tu, wala hakuna kipimo. Kipimo kipo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani, Paul Fitts, alionyesha kwa majaribio kwamba muda ambao mkono hutumia kufikia shabaha hutegemea mambo mawili: umbali wa shabaha na upana wake. Shabaha ikiwa mbali na nyembamba, mkono huchelewa na hukosa. Mwaka 1978 Stuart Card, William English na Betty Burr, waliokuwa Xerox, waliona kwamba kanuni hiyo inakifaa pia kipanya cha kompyuta. Hakuna fundi wa mfumo endeshi wa leo anayeweza kusema kwamba hakupata kusikia habari hiyo. Anayepunguza upana wa shabaha anajua kwamba anauongezea mkono wa mwenzake kazi.

Kuhusu kona zilizoviringishwa, kila msomaji anaweza kujithibitishia nyumbani. Chukua karatasi ya mraba, ukate kona yake kwa mkasi ili iwe mviringo. Ncha ya kona imetoweka, na ukingo umerudi ndani. Kwa hesabu za shule, kona ikiviringishwa kwa duara lenye nusu kipenyo cha pikseli 10, ukingo hurudi nyuma takriban pikseli 4 kutoka pale ilipokuwa ncha. Kwa nusu kipenyo cha pikseli 25, hurudi takriban pikseli 10. Sasa, ikiwa mashine inaendelea kuihesabu kona ya zamani, ile ya mraba, kuwa ndipo mahali pa kushikia, mtumiaji atakuta nini? Akilenga kile anachokiona, hashiki kitu. Ili ashike, inambidi alenge hewa tupu iliyo nje ya dirisha. Jicho linaambiwa hivi, mkono unaambiwa vile, na mtu anabaki katikati akidhani kwamba tatizo ni yeye.

Kuna kipimo cha tatu. Shirika la W3C, linaloweka kanuni za kurasa za intaneti, lilitoa Oktoba 2023 toleo la 2.2 la mwongozo wake wa kuwafikiria watu wenye ulemavu. Humo, kwa ngazi ya kati, kitu cha kubofya chapaswa kuwa na walau pikseli 24 kwa 24, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa; kwa ngazi ya juu zaidi, 44 kwa 44. Mwongozo huo ni wa kurasa za intaneti, wala hauzungumzii kingo za madirisha. Hata hivyo unatufundisha jambo: waliokaa wakafikiri juu ya mikono inayotetemeka, macho yaliyofifia na vidole vilivyokakamaa, walifikia tarakimu za namna hiyo. Ukingo wa pikseli 1 unasimama wapi mbele ya tarakimu hizo?

Basi, kwa nini mafundi wenye elimu kubwa wafanye hivyo? Hatupendi kuwadhania uovu, nasi tunaona sababu tatu.

Kwanza, simu. Tangu iPhone ilipotolewa mwaka 2007, macho ya mafundi na fedha za kampuni vimeelekea huko. Katika simu, kwa kawaida programu moja hujaza kioo chote. Hakuna ukingo wa kuvuta. Sura ya simu ikahamishiwa kwenye kompyuta ya mezani, na desturi ya chombo kisicho na madirisha ikatawala chombo ambacho kazi yake ni madirisha.

Pili, uzuri wa picha. Dirisha lisilo na ukingo hupendeza katika tangazo. Picha ya tangazo haina kazi ya kufanya. Haijazi daftari mwisho wa mwezi. Kitu hutazamwa kwa dakika moja dukani, kisha hutumiwa kwa miaka minane ofisini, na fundi amelipamba kwa ajili ya ile dakika moja.

Tatu, umbali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kijana mwenye macho makali, kioo kikubwa na kipanya cha bei ghali hahisi kile anachohisi mama wa miaka 70 mbele ya kompyuta ya ofisi. Ndiyo maana tuliomba msomaji aikumbuke ile desturi ya kumketisha mtu wa kawaida mbele ya mashine na kumtazama. Hakuna kipimo cha maabara kinachozidi kumwona mtu mzima akikosa mara tatu mfululizo na kuinamisha kichwa.

Na tusisahau ile methali ya mgema, ambaye akisifiwa tembo hulitia maji. Mifumo hii ilisifiwa kwa haki, kwa sababu ilimwezesha mtu asiye fundi kutumia kompyuta kwa kutazama na kushika. Sifa zilipokolea, maji yakaanza kuingia.

Yatupasa sasa kuwasikiliza wanaofikiri tofauti. Wapo watakaosema kwamba wazee wamelalamikia kila kipya tangu dunia iumbwe. Ni kweli kwamba mazoea hutudanganya. Lakini Mwalimu wetu hakuzaliwa na kipanya mkononi. Alijifunza kompyuta akiwa amevuka miaka 50, kwa bidii na kwa furaha, wakati kila kishikio kilipoonekana. Aliyeweza kujifunza mambo mapya yote yale hawezi kuitwa adui wa mapya.

Wengine watasema kwamba zipo njia za mkato kwa kibodi, na kwamba anayejua hana shida. Nazo zipo, tutazitaja hivi punde, tena tunazishukuru. Hata hivyo mtaalamu Jakob Nielsen, katika kanuni zake kumi za mwaka 1994, aliweka kanuni hii: ni afadhali mtu atambue kwa kuona kuliko kulazimishwa kukumbuka. Njia ya mkato humfaa aliyekwisha kuambiwa. Asiyeambiwa atajuaje? Nyumba yenye mlango wa siri ni rahisi kuingia kwa wenye siri peke yao.

Wengine tena watasema kwamba yapo maendeleo. Yapo, na kuyakana ni kukosa haki. Windows 7 ya Oktoba 2009 ilileta namna ya kulisukuma dirisha kando ya kioo nalo likakaa lenyewe katika nusu ya kioo. Mac ililetewa jambo kama hilo katika toleo la Sequoia la Septemba 2024. Hayo ni mema. Lakini mtu anapotaka dirisha la ukubwa wake mwenyewe, theluthi moja badala ya nusu, anarudi palepale kwenye ukingo usioonekana. Fundi akikupa mlango mpya wa mbele, hana sababu ya kung'oa kitasa cha mlango wa uani.

Tufanye nini basi? Tunapendekeza mambo manne, nayo yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni kusaidiana kwa njia zilizopo. Katika Windows, bonyeza pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na mshale wa kushoto au wa kulia, dirisha litajipanga katika nusu ya kioo. Katika madirisha mengi ya Windows, bonyeza Alt pamoja na kitufe kirefu cha nafasi: itatokea menyu ndogo, uchague humo neno la kubadili ukubwa, kisha utumie vitufe vya mishale, na mwishoni Enter. Katika Mac ya Sequoia na zilizofuata, liburute dirisha mpaka ukingo wa kioo, ulitulize, uliachilie. Wenye Linux ya GNOME wana Alt pamoja na F8. Mifumo yote hiyo ina mahali pa kuongeza ukubwa wa mshale wa kipanya ili uonekane vema. Yaandikwe haya kwa herufi kubwa kwenye kadi, kadi iwekwe kando ya kompyuta. Hakuna aibu katika kadi.

La pili ni tahadhari. Kuchukizwa na sura mpya kusitufanye tukatae masahihisho ya usalama. Kompyuta inayotunza fedha na majina ya watu isiachwe wazi kwa wezi kwa sababu tu tunaipenda sura ya zamani.

La tatu ni kusema. Kampuni hizi husikia, ingawa kwa kuchelewa. Kitufe cha Start kilichoondolewa Oktoba 2012 kilirudishwa Oktoba 2013 katika Windows 8.1, baada ya watumiaji wengi kupaza sauti, na menyu yake kamili ikarudi katika Windows 10. Vijana wetu mlioko katika taaluma hii, mnaojua kuandika malalamiko mahali panapohusika, waandikieni kwa niaba ya wasiojua. Na ninyi mnaotengeneza programu zenu wenyewe, hapa kwetu, kabla ya kuitoa kazi yenu mketisheni bibi mmoja mbele yake, mnyamaze, mtazame.

La nne ndilo zito kuliko yote, nalo linatuhusu sisi tusio mafundi. Mtu akikosa mbele ya mashine, tusiwe wepesi kumwambia kwamba amezeeka, au kwamba hana elimu, au kwamba ni mtu wa kijijini. Tutazame kwanza kile alichopewa akishike. Mara ngapi katika ofisi zetu, katika benki, katika vituo vya afya, tumemwona mtu mzima akinyang'anywa kipanya na kijana asiye na subira, huku akiambiwa, "Acha, mama, nitakufanyia"? Siku ile anafanyiwa. Siku ya pili haji tena. Hivyo ndivyo mtu mwenye miaka 40 ya uaminifu anavyoondoka katika kazi ya wote, kimya kimya, na sisi tunamwaga kwa shukrani nzuri.

Sisi wenyewe tulifanya hivyo, na ndiyo maana tumeandika. Juma lililofuata tulimwendea Mwalimu nyumbani kwake, tukamrudishia zile funguo, tukamweleza alichokipata kijana. Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo na yeye alikosa?" Tulimjibu kwamba alikosa mara tatu. Alinyamaza kidogo, akazichukua funguo.

Katika mkutano wa kikundi tulisimama tukasema mbele ya wote kwamba tulikosea kukubali upesi kujiuzulu kwake, kwa maana kosa lake lilikuwa limesemwa mbele ya wote. Kijana naye hakuondoka. Alimwekea Mwalimu mshale mkubwa, akamfundisha vitufe viwili vya kibodi, na Mwalimu akamfundisha yeye namna ya kulinganisha orodha na daftari mstari kwa mstari, jambo ambalo chuo hakijamfundisha.

Ukingo wa dirisha bado ni mwembamba vile vile. Mwisho wa mwezi uliopita Mwalimu aliukosa tena mara moja, nasi tulikuwa tumeketi karibu. Alituangalia, akaigonga kompyuta taratibu kwa kidole, akasema, "Hiki chombo hakikufikiria wazee." Kisha akabonyeza vitufe vyake viwili, akaendelea na hesabu.